Jinsi ya Kusoma Gombo la Picha la Kijapani

Habari zenu, karibuni. Hapa mezani nina nakala ya Ban Dainagon Ekotoba, hadithi ya Kijapani iliyochorwa karne ya 12. Asili yake ni magombo matatu, yanatunzwa na Makumbusho ya Sanaa ya Idemitsu, Tokyo. Tafadhali, usilikunjue lote kwa mkupuo. Utaona picha ndefu, hadithi itakupita.

Kwanza, liweke ncha ya kuanzia iwe kulia. Mkono wa kushoto unakunjua, wa kulia unakunja ulichokwisha kuona. Acha wazi kipande cha upana wa mabega yako tu, kama sentimita 60 hivi.

Haya, vuta polepole. Watu wanakimbia kuelekea kushoto. Tazama nyuso: wengine wameinua macho juu, wameduwaa. Wameona nini? Mchoraji hasemi. Vuta tena kidogo... moshi. Vuta... ndimi za moto! Ni lango la Otenmon, kwenye kasri la kifalme, Kyoto, linateketea. Tukio la kweli hilo, mwaka 866. Ona ujanja wake: hofu imetangulia, moto umefuata, na mwendo wa habari umeachiwa mikono yako.

Sasa gombo la pili, kwenye ugomvi wa watoto. Hapa acha kuvuta kabisa. Wageni wengi huona rundo la watu, wakapita. Mshike baba mmoja kwa macho: anakuja mbio, halafu ni yeye yuleyule, anampiga teke mtoto wa jirani. Mwanawe naye yumo kwenye kuvutana nywele, yumo nyuma ya baba, na yumo tena akiburutwa na mama yake. Dakika tatu nne za fujo ndani ya mchoro mmoja, bila mstari wa kuzitenganisha. Kwangu mimi, hakuna kipande kinachoshinda hiki.

Na teke hilo lina gharama. Baba wa mtoto aliyepigwa alishuhudia usiku ule wa moto nani alitoka langoni, akanyamaza. Sasa kwa hasira anaropoka. Ndipo Tomo no Yoshio, mshauri mkuu wa mfalme na ndiye Ban Dainagon wa jina la gombo, aliyemsingizia mwenzake Minamoto no Makoto kwamba ndiye aliyechoma lango, anaumbuka na kupelekwa uhamishoni Izu.

Ukimaliza, likunje tena lote kuanzia ncha ya kushoto, ili mwanzo wake ubaki nje, bila kulikaza.

Kama unatumia simu, kuza picha mpaka kimo chake kijae skrini, kisha telezesha kidole kuelekea kulia, taratibu.