Jinsi ya Kufunga Pampu ya Kupandisha Oili Kabla ya Kuwasha Injini

Ndugu watazamaji, habari za leo. Tuko gereji hapa Tabora, na lori mnaloliona lilibeba tumbaku kutoka Urambo msimu uliopita, kisha likakaa wiki sita bila kuwashwa. Tazameni kwa karibu nilichokishika: ni shafti ya tabo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, iliyotoka kwenye injini yake. Sehemu inayokaa ndani ya bushi ilipaswa kung'aa, lakini imechimbika mistari na kugeuka buluu, rangi ambayo chuma hupata kinaposuguana kikavu hadi kikaungua. Shafti kama hii huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na muda wote huo hutakiwa kuelea juu ya utando mwembamba wa oili.

Gari likilala, oili huteremka kwenye sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Ukiwasha, pampu ya injini huhitaji muda kuinyonya na kuisukuma kupitia filta hadi kwenye metali zinazobeba krenki, shafti kuu ya injini, na kwenye tabo, na sekunde hizo chache, zikirudiwa kila asubuhi, ndizo zinazokula injini. Leo tutafunga pampu ndogo ya umeme itakayopandisha oili kabla stata haijazungusha chochote.

Mwaga oili ingali vuguvugu. Kwenye tundu la bolti ya kumwagia, funga kiungio chenye mdomo wa paipu, na uhakikishe hakining'inii chini ya sampu, kwa sababu njia za vijijini Sikonge na Kaliua zina visiki, na kisiki kimoja kikikata paipu hiyo utakuwa umeua injini uliyotaka kuilinda. Pampu yenyewe ifungwe kwenye fremu, karibu na sampu, mbali na bomba la moshi. Tumia mpira uliotengenezwa kwa oili ya moto yenye presha. Mpira wa petroli haufai hapa.

Sasa fungua swichi ya presha ya oili kwenye bloku, yaani mwili wa injini, weka kiungio cha tii, chenye midomo mitatu, rudisha swichi upande mmoja, na upande wa pili uingize paipu inayotoka kwenye pampu. Hapa nawasihi msiharakishe. Magari mengi ya Kijapani yana thredi, yaani meno ya kukazia, ya BSPT, kipimo cha Kiingereza, ya 1/8, yenye meno 28 kwa inchi, ilhali viungio vya Kimarekani vya NPT vya ukubwa huohuo vina meno 27. Kwa macho ni pacha. Kiungio kisicho chake kitaingia raundi mbili tatu kisha kitakaza, na fundi mwenye haraka ataongeza spana hadi thredi ife au bloku ipasuke. Zungusha kwa vidole kwanza, kikikataa, kitoe.

Kati ya pampu na tii, weka valvu inayozuia oili kurudi, mshale wake ukielekea kwenye injini. Ukiisahau, injini ikiwaka itaisukuma oili yake kinyumenyume kupitia pampu yako hadi kwenye sampu, na presha itashuka.

Waya utoke kwenye betri, upite kwenye fyuzi iliyo karibu na betri hiyo, kisha kwenye rilei, swichi ya umeme inayoamrishwa na kitufe cha dashibodi.

Funga filta mpya na ujaze oili. Geuza ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, usipige stata, kisha bonyeza kitufe. Sikilizeni mlio wa pampu: mwanzoni ni mwepesi, oili ikifika unakuwa mzito. Taa ya oili imezimika. Pitisha kitambaa cheupe chini ya kila kiungio, na pakiwa pakavu, washa, uiache injini iungurume taratibu bila kukanyaga mafuta.

Jioni, baada ya safari yenye mzigo, usizime papo hapo. Iache iungurume dakika mbili ili tabo ipoe, la sivyo oili iliyobaki ndani yake itaungua na kuwa masizi. Unaweza pia kubonyeza kitufe kwa muda mfupi baada ya kuzima, lakini si kwa dakika nyingi, kwa kuwa sili za tabo hutegemea presha ya injini inayofanya kazi, na oili inaweza kuvuja kuingia upande wa hewa.

Injini ikishazimwa, subiri oili ishuke, chomoa kijiti, upime tena. Paipu na filta vimemeza kiasi, kwa hiyo ongeza hadi alama ya juu.