Wananilipa Nisome Uuguzi Ujerumani: Karatasi ya Mshahara Hii Hapa

Haya, mnanisikia? Ngoja niegemeze simu kwenye sufuria, isije ikaanguka kama juzi. Hapo sawa. Hamjambo huko Likoni, Voi, Kilifi, na nyinyi wa Dar mnaosema nawasahau, hamjambo pia.

Leo sina urembo, nimetoka zamu. Nimeketi jikoni, ugali wangu wa unga wa polenta uko jikoni unatokota, usiniangalie hivyo mama, ndio unaopatikana hapa. Nimekuja kujibu swali moja tu, kwa sababu mnaniuliza kila wiki: ni kweli huko mnasoma bure na bado mnalipwa? Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo nimeleta karatasi yenyewe ya mshahara. Jina na namba nimeziba kwa kidole, msihangaike kuvuta picha.

Mimi ni mwanagenzi wa uuguzi, mwaka wa pili, hospitali ya mji mdogo si mbali na Stuttgart. Wenyewe wanaiita Ausbildung. Huingii kwa kulipia chuo. Unasaini mkataba na mwajiri, iwe hospitali au makao ya wazee, na yeye ndiye anayekulipa, siku za shule na siku za wodini, tangu mwezi wa kwanza. Karo hakuna. Tangu Januari 2020 uuguzi wa wagonjwa, wa watoto na wa wazee umeunganishwa ukawa fani moja ya miaka mitatu, kwa hiyo ukimaliza unaweza kufanya kazi kokote kati ya hizo.

Sasa angalieni hapa juu. Hospitali yangu inafuata viwango vya sekta ya umma. Kuanzia Aprili 2025, mwaka wa kwanza ilikuwa kama euro 1,416 kwa mwezi, wa pili 1,477, wa tatu 1,578. Najua tayari kuna mtu ametoa kikokotoo, amezidisha kwa mia na hamsini apate shilingi za Kenya, ameona laki mbili na zaidi, ameanza kutafuta pasipoti. Subiri kwanza. Shuka hapa chini. Bima ya afya, pensheni, bima ya kukosa kazi, bima ya kutunzwa uzeeni, vyote vimechukua chao. Karibu sehemu moja kati ya tano imeondoka kabla sijaigusa. Nilibaki na elfu moja mia moja na sitini hivi. Chumba, tena cha nyumba ya wafanyakazi, 410. Tiketi ya mwezi ya basi na treni, 58 mwaka huo wa 2025. Kuna hata ada ya redio na televisheni, 18.36, na humu ndani hamna televisheni! Niliwaandikia barua kuwaambia sina. Wakanijibu kwa adabu sana kwamba nilipe.

Silii njaa, na nyumbani natuma kitu. Ila hizi si pesa za kujenga ghorofa, na anayekuambia hivyo hajawahi kuishika karatasi kama hii.

Na si pesa za bure. Kwa miaka mitatu sheria inataka angalau saa 2,100 za darasani na saa 2,500 za vitendo. Leo uko wodi ya upasuaji, miezi inayofuata makao ya wazee, halafu wauguzi wanaotembelea watu majumbani, halafu watoto, halafu wagonjwa wa akili. Zamu ya asubuhi yangu inaanza saa kumi na mbili kamili, giza, baridi, basi tupu. Unaogesha watu. Nasema wazi kwa sababu wengine wakifika hapo hushtuka: unamwogesha mwanamume mzima asiyejiweza, unambadilisha nepi, unampiga mswaki meno ya bandia. Miezi sita ya mwanzo ni ya majaribio, mwajiri anaweza kukuaga na wewe unaweza kumuaga. Darasani kwetu wawili waliondoka kabla ya Krismasi. Mmoja alikuwa Mjerumani.

Lakini si kazi iliyonitesa. Ni lugha. Na hapa ndipo nataka mnisikilize, kwa sababu hamniulizi kabisa kuhusu lugha. Mnaniuliza mshahara.

Nilikuja na cheti cha Kijerumani cha B2, ngazi ya nne kati ya sita, nimekivujia jasho Nairobi mwaka na miezi. Wiki ya pili wodini, bibi mmoja wa miaka themanini na kitu, jina simtaji, ananiita, anataka Teppich. Kwenye kitabu changu cha kwanza kabisa Teppich ni zulia. Nikaangalia sakafu. Nikamwambia kwa heshima, mama, hapa hospitali hatuna zulia. Akarudia. Na mimi nikarudia. Akanikasirikia, macho yakamtoka. Akaja mwenzangu, akafungua kabati, akamfunika blanketi. Kwa wazee wa huku, Waswabia, Teppich ni blanketi! Bibi wa watu anatetemeka kwa baridi, mimi namfundisha habari za sakafu.

Ngoja, kuna nyingine nzuri zaidi. Mnajua sisi mguu ni mguu, kuanzia nyonga hadi kidole gumba. Kijerumani cha shule kinatenganisha: Fuß ni huku chini peke yake, Bein ni kule juu. Mwalimu alinisumbua na jambo hili mpaka likaniingia. Basi yule yule bibi ananiambia Fuß inamuuma. Nikamvua soksi, nikakagua kisigino, nikatazama katikati ya vidole, safi kabisa. Nikaandika kwenye kompyuta: maumivu ya wayo, hakuna kidonda. Mwelekezi wangu akasoma, akanitazama, akaenda kumwambia bibi aonyeshe kwa mkono panapouma. Akashika paja, huku juu karibu na nyonga. Kumbe kwa Waswabia Fuß ni mguu mzima, kama kwetu! Ningebaki na Kiswahili changu ningemwelewa siku hiyo hiyo. Tukafuta, tukaandika upya, daktari akaitwa kuiangalia nyonga.

Na kumwita bibi pia marufuku. Kwetu kumwita mzee kwa jina ni kukosa adabu; hapa ukimwita bibi ndio umemdharau. Ni Frau, yaani Bi, na jina la ukoo, na Sie yake kamili, ile "wewe" ya heshima. Nilichukua miezi kuzoea. Moyoni bado nasema shikamoo.

Kwa hiyo ukiwa na pesa ya kuweka kwenye safari hii, iweke kwenye lugha. Visa yenyewe kwa kawaida inaanzia B1, ngazi moja chini ya B2, lakini shule nyingi za uuguzi, kama yangu, zinataka B2. Goethe-Institut, taasisi ya Kijerumani inayofundisha lugha hiyo, iko Nairobi na iko Dar es Salaam. Asiye na ada aanze na masomo ya bure ya DW, shirika la utangazaji la Ujerumani, mtandaoni. Ndiyo ile ile DW ambayo baba yako anasikiliza taarifa ya habari ya Kiswahili.

Ninasema hivi kwa uchungu. Binamu yangu alimpa wakala laki mbili na nusu amtafutie nafasi, ng'ombe wawili waliuzwa. Akapewa barua yenye nembo ya hospitali, mhuri, kila kitu. Alinitumia picha nimpongeze. Nikapiga simu hospitali hiyo mwenyewe, asubuhi, kabla ya zamu. Jina lake hawalijui, na mtu aliyesaini barua hayupo kwao. Wakala sasa hapokei simu. Na ajabu ni kwamba zile zile laki mbili na nusu zingemsomesha Kijerumani hatua kadhaa, na kuomba nafasi hakulipiwi hata senti! Unaandika barua yako, unaambatisha vyeti vyako vilivyotafsiriwa, unatuma moja kwa moja. Mimi niliandika thelathini na moja. Zilizojibiwa ni tisa. Mahojiano mawili, kwa video, moja umeme ulikatika katikati.

Mawakala hao wanapenda pia kutaja ule mkataba wa Kenya na Ujerumani kuhusu wafanyakazi na uhamiaji wa Septemba 2024, Rais Ruto alipokwenda Berlin kwa Kansela Scholz. Mkataba upo. Ila zile nafasi za kazi 250,000 zilizozagaa kwenye WhatsApp hazimo. Wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ilikanusha wakati ule ule. Hakuna idadi iliyotengwa, na hakuna mtu mwenye kiti chako mfukoni.

Mwingine ameuliza kama wanaume wanaruhusiwa. Wako tele, tena wodi ya mifupa wanagombaniwa kwa sababu ya kunyanyua wagonjwa. Umri? Darasani tuna mama wa miaka arobaini na mbili, ana watoto watatu, na ndiye anayetuongoza kwenye somo la dawa.

Eh, ugali unaungua. Wiki ijayo nitaleta zile barua thelathini na moja, hata zilizokataliwa, muone nilivyokuwa naandika mwanzoni. Ya kwanza nilimwita mkurugenzi "mpendwa wangu".