Maeneokazi Kadhaa kwa Wakati Mmoja kwenye Linux

Ndugu washiriki, mada yetu ni kuendesha maeneokazi (desktop) mawili au zaidi kwenye kompyuta moja ya Linux, yote yakiwa hai, pasipo mtu kufunga kazi ya mwenzake.

Kiini cha Linux kinaruhusu tamino pepe hadi 63, yaani skrini zinazojitegemea ndani ya kompyuta moja, ziitwazo tty1, tty2 na kuendelea. Ukibonyeza Ctrl+Alt+F3 unafika tty3. Kurudi, unabonyeza Ctrl+Alt na F ya namba ulikotoka. Kwenye GDM (programu ya kuingilia ya eneokazi la GNOME) skrini ya kuingilia hukaa tty1 na mtumiaji wa kwanza huwekwa tty2, ilhali LightDM, programu nyingine ya kuingilia, huanzia tty7. Usibahatishe. Andika `loginctl list-sessions` uone vikao vilivyopo, kisha `loginctl show-session 4 -p Type -p VTNr -p Active`. Hiyo 4 ni mfano wa namba ya kikao (yaani kuingia kwa mtumiaji mmoja), wala si ya tamino, na wengi huzichanganya.

Kufungua kikao cha pili kwa mkono, nenda tty3, ingia kwa jina la mtumiaji wa pili, uandike:

`startx /usr/bin/startxfce4 -- :1 vt3`

Kilicho kabla ya vistari viwili ni eneokazi unalolitaka, hapa XFCE. Kinachofuata ni maagizo kwa seva ya X, programu inayochora madirisha kwenye skrini. Tunaweka :1, namba ya seva hiyo, kwa sababu :0 ina mwenyewe. Anayeandika vt8 akiwa tty3 huambiwa hana ruhusa, na ndivyo inavyopaswa kuwa: siku hizi X huendeshwa bila mamlaka ya root (msimamizi mkuu), na logind, sehemu ya mfumo inayosimamia vikao, humpa mtu tamino aliyoingilia tu. Ukiambiwa :1 inatumika ilhali huioni, soma faili `/tmp/.X1-lock`. Ndani mna namba ya mchakato. Ikague kwa `ps -p`, na kama si ya X, lifute faili hilo.

Sasa niwaombe mnisikilize vizuri hapa. Msifungue eneokazi la GNOME au la Plasma mara mbili kwa mtumiaji yuleyule. Systemd, programu inayosimamia huduma za Linux, humtunzia kila mtumiaji msimamizi mmoja, na njia moja ya D-Bus ya mawasiliano kati ya programu, kwa mfano `/run/user/1000/bus`, hata akiwa na vikao vitatu. Kikao cha pili kinakuta majina kinayoyahitaji yameshachukuliwa, skrini inabaki nyeusi au unarudishwa kwenye kuingia. Kikifaulu kuwaka, mambo huwa mabaya zaidi: kinaandika DISPLAY yake (namba ya seva ya X, kama :1) juu ya ile ya kwanza, nawe unabofya programu hapa, dirisha linafunguka kule usikokuona. Firefox nayo itagoma kwa kuwa profaili yake imefungwa na kikao kingine.

Dawa ni kila kikao na mtumiaji wake. Mafaili ya pamoja yawekeeni kundi moja na folda yenye `chmod 2775`, ili kila faili jipya lirithi kundi la folda. Hapo hakuna haja ya kugawana nenosiri.

Kuna suala la sauti pia. Logind humpa ruhusa ya `/dev/snd` mwenye kikao kilicho mbele, hivyo muziki wa aliye nyuma hunyamaza. Wengine hukimbilia kumwingiza mtumiaji kwenye kundi la `audio`. Msifanye hivyo: huyo ataweza kuishikilia kadi ya sauti hata akiwa nyuma, na aliye mbele asisikie kitu.

Kama unataka kujaribu tu, Xephyr inatosha. Hufungua seva ya X ndani ya dirisha: `Xephyr :2 -screen 1280x720 &`, halafu `DISPLAY=:2 openbox`, kisimamizi chepesi cha madirisha. Ctrl+Shift hufungia kibodi na kipanya humo, na hukuachilia pia.

Wakitaka kukaa wawili kwa pamoja, kila mmoja na skrini yake, nunueni kadi ya pili ya michoro, kibodi na kipanya. Matundu mawili ya kadi moja hayatoshi, maana logind hugawa kadi nzima. Linux huita kila seti ya skrini, kibodi na kipanya "seat" (kiti), ya kwanza ikiwa seat0. Someni njia za vifaa kwa `loginctl seat-status seat0`, kisha `sudo loginctl attach seat1` ikifuatwa na njia ya kila kifaa. Ctrl+Alt+F3 haitafanya kazi seat1, kwa sababu tamino pepe ni za seat0 peke yake. Washeni SSH (njia ya kuingia kutoka mashine nyingine kupitia mtandao) kabla ya kuhamisha chochote: mkihamisha kibodi isiyo sahihi, mtaingia kutoka mashine nyingine na kurudisha kila kitu kwa `sudo loginctl flush-devices`.