Gari Lako Silensi Inapanda na Kushuka? Tutafute Hewa Inakopita

Mwangaluka ndugu zangu, karibuni gereji. Leo tuko hapahapa Nyakato, Mwanza, na mgonjwa wetu ni hii Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, injini 5A-FE. Ni ya mama mmoja anayebeba magunia ya dagaa kutoka Mwaloni, Kirumba. Kabla sijasema lolote, sikilizeni.

Mmesikia? Inapanda mpaka mizunguko 1,500 kwa dakika, inashuka, inapanda tena, inashuka. Hiyo ni N, gia haijaingia, mguu hauko kwenye mafuta kabisa. Mzunguko huo wa injini bila kukanyaga mafuta ndio tunaouita silensi. Mama anasema juzi kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga gari lilikuwa linamsukuma mbele mpaka mguu ukamchoka kwenye breki. Ameshauziwa sensa mbili na hali ni ileile. Mimi jambo hili linaniuma, ndiyo maana nimewasha kamera. Silensi ni hewa. Kabla hujanunua sensa yoyote, jua hewa inaingilia wapi.

Kwanza pasha injini moto mpaka feni ya rejeta ijiwashe na kujizima. Zima AC, zima taa, zima redio. Injini ya baridi kukimbia juu kidogo ni kawaida, iache ishuke yenyewe. Ikishapata moto, hizi za otomatiki zinatulia kwenye mizunguko 700 mpaka 800 hivi. Kipimo chako halisi kiko kwenye stika chini ya boneti. Kama stika imechakaa, usiikwangue zaidi, ipige picha na simu.

Sasa tuulize kompyuta ya gari. Toyota nyingi za miaka ile zina hiki kiboksi cheusi kimeandikwa DIAGNOSIS. Zima gari. Fungua kifuniko, ndani yake kuna mchoro wa matundu. Tafuta TE1 na E1, unganisha hayo mawili kwa kipande cha waya. Hayo mawili tu, usiguse tundu jingine. Washa swichi bila kupiga stata, halafu tazama taa ya injini kwenye dashibodi.

Jua linapiga kioo, hamwoni kitu. Dogo, lete boksi uweke kivuli hapo. Sogea kushoto... basi, hapohapo. Mnaona inavyokonyeza mfululizo, haraka, bila kupumzika? Maana yake hakuna kosa lililohifadhiwa. Ingekonyeza mara mbili, ikapumzika kidogo, ikakonyeza mara mbili tena, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. 31 ni sensa ya presha ya hewa, 41 ni sensa ya throto, yaani kile kilango cha kuingizia hewa kinachofunguka ukikanyaga mafuta. Hapa hakuna. Kwa hiyo huenda zile sensa za zamani alizobadilishiwa mama hazikuwa na kosa. Toa waya, tuendelee.

Klina ya hewa nimeitoa. Tazameni, imejaa wale vijidudu vya ziwani. Wakija kwa wingi jioni wanaingia kila mahali, hata kwenye chai yako. Klina hii siyo iliyoleta ugonjwa, ila inabadilishwa.

Haya, uvujaji. Ngoja niwaeleze kwa nini silensi inapanda na kushuka, maana ukielewa hapa hutanunua sensa kwa kubahatisha. Injini hii inapima hewa kwa presha iliyomo ndani ya manifodi, yale mabomba yanayogawa hewa kwenye injini. Mpira ukipasuka, hewa inaingia bila kupitia throto. Kompyuta inaona presha imepanda, inaongeza petroli, mizunguko inapanda. Halafu inatazama throto, imefungwa, na injini inakimbia. Inadhani unateremka kilima cha Bugando umeachia mafuta. Inakata petroli, mizunguko inaanguka, inarudisha petroli, mizunguko inapanda. Kompyuta inafanya kazi yake vizuri kabisa, sisi ndio tumeiletea mpira mbovu.

Nawasha gari. Nabana mpira mmoja mmoja kwa koleo niliyoizungushia kitambaa. Wa hydrovaki, kile kisaidizi cha breki, huu mnene... hakuna mabadiliko. Mwembamba unaokwenda kwenye sensa ya presha usiubane, ukague kwa macho tu. Huu unaotoka kwenye kava ya valvu, kifuniko cha juu ya injini...

Oh! Mmesikia? Imetulia! Nikiachia, inapanda. Nikibana, inatulia. Dogo, sogeza simu huku chini. Chini zaidi. Shika vizuri, mkono unatikisika. Mpira umekunjwa kwenye kona, na mpasuko uko upande wa chini usikoweza kuuona ukiwa umesimama. Napuliza maji kidogo kwa hiki kichupa cha kunyunyizia, na sauti inabadilika papo hapo. Wengine wanapuliza dawa ya kusafishia kabureta juu ya injini ya moto. Inafanya kazi, lakini inashika moto haraka sana. Mimi natumia maji, na nayaweka mbali na distributa, kile kigawa umeme wa plagi.

Mpira mpya umeingia, klempu imebana. Tazameni mshale wa mizunguko sasa: haupandi wala haushuki. Lakini uko 500. Naweka D, nawasha AC... imezima.

Hapo ndipo wengi wanapokimbilia kuzungusha ile sekrubu ya kuzuia throto, silensi ipande. Usiiguse! Imewekwa kiwandani. Ukiizungusha, throto haifungi tena vizuri, na kompyuta haijui kwamba umeachia mafuta. Kilichotokea hapa ni kwamba mpira uliopasuka ulikuwa unaificha shida ya pili. Valvu ya silensi iliyo chini ya throto, inayopaswa kuongeza hewa AC ikiwaka, imejaa masizi. Mpasuko ndio uliokuwa unaipa injini hewa, ila kwa fujo.

Tunazima, tunaacha injini ipoe kabisa. Maji ya rejeta yanapita kwenye throto, ukifungua ya moto yatakuunguza.

Tumerudi baada ya saa moja na nusu. Bomba la hewa, waya wa pedali ya mafuta, soketi, mipira miwili ya maji, bolti, throto imetoka. Hayo mtayaona mkirudisha video nyuma, hayana shida.

Shida iko hapa. Leteni macho. Sekrubu nne za nyota zinazoshika valvu chini ya throto. Zimekaa humo zaidi ya miaka 20. Ukiweka bisibisi ya kawaida na kuzungusha tu, inapanda inatoka na kichwa cha sekrubu. Nilipokuwa mwanafunzi wa ufundi nilikula kichwa kimoja hivyo. Nikatoboa kwa drili, chembe za aluminiamu zikaingia ndani, na mteja akanunuliwa throto nyingine. Mshahara wa mwezi mzima.

Kwa hiyo polepole. Tone la mafuta ya kulegeza, dakika 10. Bisibisi yenye ncha ya Kijapani, ambayo inakaa mpaka chini kwenye nyota. Isimamishe wima, igonge kwa nyundo ndogo mara tatu. Sasa lalia kwa uzito wa mwili, zungusha robo tu. Imelegea. Ya pili, gonga kwanza. Gonga kwanza! Ya tatu... hii imekataa. Sioni aibu kusimama. Mafuta tena, gonga tena, subiri. Usishindane nayo. Dogo, zima kamera kwanza, tunakula betri.

Imekubali. Tazameni masizi haya, meusi kama sufuria ya mkaa. Mswaki wa zamani na dawa ya kabureta kwenye njia za hewa. Upande wenye koili ya umeme usilowe, na usichokonoe kile kilango cha ndani kwa bisibisi. Gasketi hii ya mpira imekauka, naweka mpya. Ninazo hapa gerejini za injini za Toyota za familia ya A karibu zote, pamoja na mipira ya vakyumu. Gasketi ikae kwenye mfereji wake pande zote, halafu zile sekrubu nne zibanwe kwa mkono, kwa kupokezana pembe kwa pembe. Usizikaze kama tairi, kesho ni wewe utakayezifungua.

Nimerudisha kila kitu na kuongeza maji ya rejeta. Hewa ikibaki kwenye maji, kipimo cha joto kinadanganyika na silensi inaweza kwenda juu, kwa hiyo nawasha injini kifuniko cha rejeta kikiwa wazi mpaka mapovu yaishe. Halafu nazima, natoa fyuzi ya EFI, ya mfumo wa petroli, kwa sekunde 10 au zaidi ili kompyuta isahau hesabu za zamani. Mimi huwa naiacha dakika moja.

Nawasha. 750. AC... imeshuka kidogo, imejirudisha. Taa kubwa, feni ya ndani juu kabisa, D, mguu kwenye breki. 750. Mama, njoo ukae mwenyewe, uone kama linakusukuma. Kesho asubuhi kabla ya kuwasha, litazame hili tangi la maji, kama limepungua ongeza mpaka mstari huu.