Deni la Msafiri: Kutoka Glasgow Kurudi Moshi

Wazee wetu, shikamooni. Walimu wenzangu, wanafunzi na nyote mliofika leo katika ukumbi huu wa maktaba, nawasalimu na kuwashukuru kwa kuiacha kazi ya Jumamosi na kuja kunisikiliza.

Wengi wetu tuliisoma Kusadikika ya Shaaban Robert tukiwa shuleni. Katika kitabu hicho kilichotoka mwaka 1951, nchi inayoelea angani inawatuma wajumbe sita kwenda Mashariki, Magharibi, Kaskazini, Kusini, Mbinguni na Ardhini, wakatafute mambo yatakayowafaa watu wa kwao, na wajumbe hao wanaporudi na walichokipata wanaadhibiwa badala ya kusikilizwa. Nilipoisoma nikiwa kijana, huruma yangu yote ilikuwa kwa wajumbe. Leo, baada ya kusafiri mimi mwenyewe, naona swali jingine ambalo sikuliona wakati ule: anayerudi anadaiwa nini na waliobaki, na waliobaki wanadaiwa nini naye?

Mwezi Agosti mwaka 2024 nilikwenda Glasgow, Uskochi, kuhudhuria kongamano la dunia la bunilizi za kisayansi, yaani hadithi za kubuni zinazohusu sayansi, anga na mambo yajayo, liitwalo Worldcon, lililofanyika tangu tarehe 8 hadi 12. Nauli niliiwekea akiba kwa miaka mitatu, na ilipopungua ndugu zangu wa Marangu walinichangia kutoka katika fedha zao za kahawa. Habari za viza sitazirefusha, kwa kuwa kila aliyewahi kuiomba anazijua: ada yake ilikuwa pauni 115, na pamoja na ada kulikuwa na safari ya Dar es Salaam, barua ya mwajiri, taarifa za benki, na majuma ya kungoja bila kujua kama tiketi itatumika. Nayataja kwa sababu moja tu. Mtu anayeishi nchi zisizoombwa viza hujiamulia kuhudhuria kongamano kama hili mwezi mmoja kabla, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua ni nani atakayeonekana katika kumbi zile na ni nani atakayezungumziwa akiwa hayupo.

Kongamano lenyewe ni la zamani kuliko wengi wetu hapa. La kwanza lilifanyika New York mwaka 1939, likahudhuriwa na watu wapatao 200, na tangu hapo limefanyika kila mwaka isipokuwa mwaka 1942 hadi 1945, vita vilipolizuia. Huhama mji hadi mji: Glasgow ilikuwa imekwisha lipokea mwaka 1995 na 2005, na mwaka mmoja kabla ya safari yangu lilikuwa Chengdu, China. Hadi nilipokwenda mimi halikuwa limewahi kufanyika katika ardhi ya Afrika. Hata mji wa kulipokea hauchaguliwi na serikali wala kampuni, bali huchaguliwa kwa kura za wanachama.

Neno hilo, wanachama, ndilo ninalotaka tulitulie kidogo. Anayelipa ada hahesabiwi kuwa mteja aliyenunua tiketi ya kutazama onyesho, na hata waandishi mashuhuri kwa kawaida hulipa ada kama msomaji mwingine yeyote. Kazi zote, kuanzia kupanga viti na kuelekeza wageni hadi kuhariri ratiba ya mamia ya mijadala, hufanywa na watu wanaojitolea bila mshahara. Bibi mmoja mwenye mvi aliyenipatia kitambulisho changu mlangoni nilimkuta jioni yake mezani, akijadiliana na maprofesa kuhusu uwezekano wa kuishi chini ya ardhi ya mwezi, na hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi. Kulikuwa na mambo mengi mengine: jumba la wauza vitabu, maonesho ya picha, usiku wa mavazi ambayo wenyewe walikuwa wameyashona kwa miezi. Nayapita haraka, kwa kuwa picha zake nimezibandika ukutani na mtaziona wenyewe.

Wanachama hao ndio wanaopiga kura za Hugo, tuzo ya bunilizi bora za mwaka inayotolewa tangu mwaka 1953 na ambayo kikombe chake ni roketi. Mpigakura huzipanga kazi zilizofika fainali kwa daraja, ya kwanza, ya pili na kuendelea, na katika karatasi kuna nafasi ya kusema kwamba hakuna inayostahili. Majuma machache kabla ya kongamano letu, waliosimamia kura walitangaza kwamba katika kura 3,813 walizozipokea wamezifuta 377, baada ya kugundua kwamba baadhi ya waliozipiga walikuwa na majina yasiyo ya watu, yakiwemo yaliyokuwa tafsiri za nambari zilizofuatana tu. Walieleza kwamba kura hizo zingempa ushindi mshindani mmoja, wakakataa kumtaja jina kwa kuwa hawakuwa na ushahidi kwamba yeye ndiye aliyezipanga, kisha wakaendelea na kazi. Ndugu zangu, nimewahi kuwa mjumbe wa kamati za mashindano ya insha na ngonjera katika shule zetu, na nimewahi kuona matokeo yakibadilishwa nyuma ya mlango uliofungwa, kisha sote tukanyamaza kulinda heshima ya waandalizi. Kule niliona heshima ya waandalizi ikilindwa kwa kusema. Jambo hilo lilinigusa kuliko roketi zote.

Siku ya tatu niliingia katika mjadala kuhusu lugha ambazo si Kiingereza. Baada ya kumalizika, kijana mmoja alinifuata akaniuliza kwa adabu ni bunilizi gani za kisayansi ambazo wasomaji wa Kiswahili wanazipenda. Nilimtajia Walenisi ya Katama Mkangi wa Kenya, iliyotoka mwaka 1995, ambamo mtu aliyehukumiwa anatiwa katika chombo cha angani, na nikamweleza kwamba jina lenyewe ni fumbo, wale ni sisi. Nikamtajia Kusadikika. Alitoa kalamu akaandika, kisha akaningoja niendelee, na sikuwa na la kuendelea nalo. Kufikia siku ile nilikuwa nimefundisha Kiswahili kwa miaka kumi na minne. Ukimya wangu haukutokana na uhaba wa watungaji, kwa kuwa katika daftari za wanafunzi wangu nimesoma hadithi za theluji ya Kibo inayouzwa kwa vipande, na za daladala iendayo nyota ya jirani. Hadithi hizo nilizisahihisha, nikazipa alama, nikazirudisha, na hakuna mtu mwingine aliyezisoma.

Nilirudi KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro, jioni ya baridi, mlima ukiwa umejifunika kama kawaida yake mwezi wa nane. Njiani kupitia Boma Ng'ombe nilikuwa na mawazo mengi ya kuwaeleza watu. Nyumbani niliulizwa nimeleta zawadi gani, jambo ambalo ni haki yao waliochanga, na zawadi nilikuwa nazo. Baada ya juma moja hakuna aliyeuliza tena, nami nikaanza kuifanya safari ile kuwa mali yangu peke yangu, ya kutazama picha usiku. Aliyenitoa huko ni baba yangu mdogo, ambaye hajawahi kusoma hadithi za namna hii. Alinikalisha akaniambia, "Mwanangu, kahawa yetu imekwenda Ulaya na kurudi. Tueleze ilichokiona."

Hapo nikakumbuka jambo nililolisikia kule. Tangu mwaka 1953 upo mfuko wa wapenzi wa bunilizi unaowavusha wenzao Bahari ya Atlantiki, kwa michango na kura, kwenda makongamano ya upande wa pili, na desturi yake ni kwamba aliyesafirishwa aandike taarifa ya safari kwa ajili ya waliomchangia. Wengine huchukua miaka kuimaliza, lakini deni halifutiki. Mhadhara huu ndio taarifa yangu, na waliochanga wameketi safu ya mbele.

Sasa naomba mzikunjue karatasi mlizopewa mlangoni. Zina majina ya hadithi tatu zilizotungwa na wanafunzi wa mji huu, ambazo watunzi wenyewe watatusomea hivi punde, na mstari wa nne unasema: Hakuna inayostahili. Kila aliyeingia ana kura, wazee na watoto kwa usawa. Mtapanga kwa daraja, mtatumbukiza katika kisanduku kilicho mezani, na zitahesabiwa hapa hapa, kwa sauti, mlango ukiwa wazi.