Jenga hoja yako kwa usambamba: tuiandike upya aya moja pamoja

Karibu mtazamaji. Leo tunachukua aya moja iliyopoa na kuijenga upya mpaka imguse anayeisikia. Chukua kalamu na karatasi, maana utaandika pamoja nami.

Aya yenyewe iko hapa kwenye skrini. Mwanafunzi anauomba uongozi wa shule usiifunge maktaba mapema:

"Maktaba yetu ina umuhimu mkubwa. Wanafunzi huitumia kusoma, pia ni mahali penye utulivu, na wapo ambao nyumbani hawana vitabu wala meza hivyo wanaitegemea. Kwa hiyo tunaomba isifungwe saa kumi."

Sarufi haina kosa, na kila kilichosemwa ni kweli. Sasa isome kwa sauti, kisha ufumbe macho. Umebaki na nini? Mimi hubaki na neno "umuhimu", ambalo ndilo lisilosema lolote.

Hatua ya kwanza: pigia mstari hoja zako. Hapa kuna kusoma, kuna utulivu, kuna vitabu na meza. Angalia zilivyokaa. Ya kwanza imekuja kama tendo, ya pili kama mahali, ya tatu kama watu. Msikilizaji analazimika kugeuza shingo mara tatu ndani ya sentensi moja, na kila akigeuka anapoteza kidogo cha nyuma.

Hatua ya pili ndiyo kiini cha video hii: tafuta umbo moja litakalobeba hoja zote. Huo ndio usambamba, yaani sentensi, au vipande vya sentensi, viwili au zaidi vinavyofuata muundo uleule. Tayari unaujua, kwa kuwa methali zetu zimejaa usambamba. Penye wengi pana mengi: kati ya wengi na mengi tofauti ni herufi moja tu, na maana nzima imekaa kwenye herufi hiyo. Mali bila daftari hupotea bila habari: "bila" ya kwanza inaitwa, "bila" ya pili inaitika. Na ile ya kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, inapinduka katikati, cha mwisho kikawa cha kwanza, ndiyo maana haisahauliki.

Kwa nini inafanya kazi? Sentensi ya kwanza, msikilizaji anasikia maneno. Ya pili, anatambua umbo. Ya tatu, ameshakutangulia, anaimalizia kichwani mwake kabla hujafika. Na kwa kuwa umbo ameshalizoea, sikio lake linakwenda moja kwa moja kwenye neno lililobadilika. Kwa hiyo neno unalolibadilisha liwe ndilo unalotaka akumbuke.

Simamisha video, jaribu mwenyewe, kisha tulinganishe. Mimi nimepata hivi:

"Kuna mwanafunzi asiye na meza nyumbani: anaipata hapa. Kuna mwanafunzi asiye na kitabu nyumbani: anakipata hapa. Kuna mwanafunzi asiye na utulivu nyumbani: anaupata hapa."

Tazama upatanisho: anaipata, anakipata, anaupata. Kiswahili kinatupa mapigo haya bure, kazi yetu ni kutoyavuruga. Usianze na "anaipata", ukaenda "alikipata", ukaishia "utulivu upo pia". Nafsi moja, wakati mmoja, mpangilio mmoja.

Hatua ya tatu: panga kutoka jepesi kwenda zito. Meza inaweza kuazimwa, kitabu kinaweza kununuliwa, lakini utulivu wa nyumba mtoto hawezi kujipatia. Ndiyo maana umekaa mwisho. Ukianza na utulivu ukamalizia na meza, aya inateremka.

Mwalimu Nyerere alilijua hili vizuri. Mwaka 1978, alipowatangazia Watanzania vita dhidi ya Idi Amin, alitaja mambo matatu: uwezo, sababu na nia. Yote matatu aliyapitisha kwenye umbo lilelile, na hadi leo wapo wanaoyakumbuka hata kama hawakuwa wamezaliwa. Abraham Lincoln naye, rais wa Marekani, tarehe 19 Novemba 1863 kule Gettysburg, alizungumza kwa dakika chache tu, maneno kama 270. Msemaji aliyemtangulia alikuwa amechukua saa mbili. Kinachorudiwa duniani kote ni ile serikali ya watu, ya kuendeshwa na watu, kwa ajili ya watu. "Watu" hawabadiliki, kinachobadilika ni uhusiano wao na serikali, na hoja yake yote ilikuwa hapo.

Usambamba unamsaidia msemaji pia. Martin Luther King, mtetezi wa haki za Wamarekani weusi, tarehe 28 Agosti 1963 mjini Washington, aliiacha karatasi yake na kuingia kwenye maneno ya "Nina ndoto", ambayo hayakuwamo kwenye hotuba aliyoiandaa kwa siku ile. Alikuwa ameshayatumia mahali pengine. Umbo linalojirudia unaweza kulibeba kichwani, na ukilibeba kichwani unawatazama watu usoni.

Hatua ya nne: livunje umbo. Ukiendelea na "kuna mwanafunzi" mara ya sita, watu wataanza kuhesabu badala ya kusikiliza. Baada ya tatu, leta kitu kingine. Hapa naweka swali la balagha, yaani swali ambalo huulizwi ili ulijibu kwa mdomo: "Mlango huu ukifungwa saa kumi, atavipata wapi?" Swali hili linafaa kwa kuwa jibu ni moja tu, na ushahidi umeshatangulia. Swali la balagha lililowekwa mwanzoni, kabla mtu hajapewa sababu yoyote, linaweza kumfanya ajibu kinyume na unavyotaka.

Kisha ukinzani, yaani mambo mawili yanayopingana kwenye mizani moja: "Kuufungua mlango kwa saa mbili zaidi ni gharama ndogo, kuufunga mbele ya anayetaka kusoma ni hasara kubwa." Kufungua na kufunga, gharama na hasara, ndogo na kubwa. Upande mmoja ukiwa mrefu mno, mizani inalala, kwa hiyo punguza maneno mpaka ilingane.

Sitiari, yaani kukiita kitu kwa jina la kingine, sizungumzii sana leo. Chagua moja na ukae nayo. Maktaba ikiwa taa katika sentensi hii, isiwe kisima katika inayofuata.

Hatua ya tano wengi wanairuka, nami nakusihi usiiruke. Vua mapambo yote, andika hoja kavu: wapo wasio na meza, wapo wasio na vitabu, wapo wasio na utulivu. Je, ni kweli? Unaweza kuwataja ukiulizwa? Umbo zuri hubeba uongo kwa wepesi uleule linavyobeba ukweli, na msikilizaji akigundua, hatakuamini tena hata ukisema la haki. Hoja isiyosimama bila mapambo, ifute. Zikibaki mbili, sema mbili.

Mwisho, soma kwa sauti ukiwa umesimama. Ukikosa pumzi katikati ya sentensi, ikate hapo. Ukijikwaa kwenye neno lilelile mara mbili, libadilishe. Halafu msomee mtu mmoja bila kumpa karatasi, subiri dakika kumi, umuulize amekumbuka nini. Akikutajia utulivu, aya iko tayari. Akikutajia meza, rudi hatua ya tatu.