Karatasi za Withington

Wapendwa wangu mlioko nyumbani, wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Leo sikukaa sebuleni. Nimesimama Copson Street, mtaa wa Withington, kusini mwa Manchester, na huyo mnayemwona nyuma yangu ni mwanasoka Marcus Rashford. Amejaa ukuta mzima wa mkahawa. Mashabiki wa Manchester United, najua mmeshasogea karibu na simu.

Mchoro huu ulichorwa Novemba 2020 na msanii anayejiita Akse, mzaliwa wa Ufaransa anayeishi hapa Manchester. Aliuchora pamoja na Withington Walls, mradi wa wakazi wa hapa wanaozipamba kuta za mtaa wao. Mwaka ule Rashford alikuwa ameisumbua serikali ya Uingereza mpaka ikakubali watoto wa familia zisizo na uwezo waendelee kupata chakula shule zikifungwa. Mwenyewe alikulia maisha hayo hayo, na mpira alianza kuucheza karibu na hapa, timu ya watoto ya Fletcher Moss Rangers.

Sasa twende 11 Julai 2021. Fainali ya Euro, Wembley, Uingereza na Italia, penalti. Rashford akagonga mwamba. Za wenzake Sancho na Saka kipa akazipangua, Uingereza ikashindwa. Vijana watatu weusi, Saka akiwa na miaka 19 tu. Kabla hata hatujazima televisheni, matusi ya kibaguzi yalikuwa yamejaa kwenye kurasa zao mitandaoni. Usiku ule ule mtu akaja hapa na rangi ya kupuliza akauchafua mchoro.

Niseme ukweli wote: polisi baadaye walisema hawaamini kwamba maneno ya ukutani yalikuwa ya kibaguzi. Lakini asubuhi ile, baada ya matusi ya mitandaoni, hakuna aliyekuwa na subira ya kuyachambua. Watu waliyafunika kwa mifuko ya takataka. Kisha wakaanza kubandika karatasi. Mioyo iliyokatwa kwa mkasi, barua za watoto wenye mwandiko wa kupinda, bendera, maua. Ukuta ukajaa. Siku mbili baadaye Akse akarudi na rangi zake kuurekebisha, na jioni umati ukapiga goti hapa barabarani kupinga ubaguzi.

Kwa nini nawaambia haya leo? Kwa sababu niliwahi kutukanwa ndani ya basi. Mwanamume mmoja aliniambia nirudi kwetu, akaongeza na mengine nisiyoweza kuyasema mbele ya mama yangu anayetazama. Basi lilikuwa limejaa. Kila mtu akageukia dirishani. Wapendwa, tusi lilinichoma, lakini kile kimya ndicho nilichokwenda nacho nyumbani, na kilikaa miezi. Nikawa nikimwona mtu dukani najiuliza: na wewe ungegeukia dirishani?

Nilipokuja hapa nikaona zile karatasi, nikasoma moja baada ya nyingine, nilisimama nikalia. Wale wa dirishani walikuwa na maneno! Walikosa tu pa kuyaweka. Sisi wa Tanga tunalijua hili. Mtu asiyeweza kukwambia jambo usoni huvaa kanga yenye maneno ya jambo hilo, akapita mlangoni kwako, na ujumbe umefika. Ukuta huu siku zile ulikuwa kanga ya mtaa mzima. Wanaosema michoro haiondoi ubaguzi, sibishani nao sana. Yule mwanamume wa basi sidhani kama alibadilika. Mimi ndiye niliyebadilika. Nilianza tena kuwasalimia majirani.

Zile karatasi zilibanduliwa kabla mvua haijaziharibu, zikahifadhiwa. Na yangu ilikuwemo. Niliandika kwa Kiswahili, kwa kalamu ya bluu: "Mdogo wetu, tuko nawe."

Bibi mmoja Mzungu, mzee, ana mkongojo, alikuwa kando yangu anabandika moyo wake. Gundi haishiki, nikamsaidia. Akaniuliza karatasi yangu inasema nini, nikamtafsiria. Akanitazama: "Kwani ni ndugu yako?"

Nikamjibu, ndiyo.

Akachukua gundi yake, akaipaka ile karatasi yangu pembe zote nne, akaikandamiza kwa kiganja. Ngoja nisogeze kamera niwaonyeshe. Ilikuwa hapa, chini ya bega.